Mtani, Sanduku Lako Nimelikalia

Maganga, mtani wangu,

Salamu sikupi. Mtu akiondoka bila kuaga hapewi salamu, na wewe uliondoka mchana kweupe, umekaa kwenye kiti chako cha kamba, wala hukutuma hata kuku aje aniambie unajisikia vibaya. Mimi nilikuwa nimeshapuliza moto nangoja honi yako. Chai ile tuliimwaga.

Haya. Nimeazima kalamu ya mjukuu na karatasi za katikati ya daftari lake, atanisamehe, na asiponisamehe shauri yake. Mwandiko usiucheke. Wewe ulisomea Tabora kwenye madawati, mimi nimesoma elimu ya watu wazima kwenye ghala la ushirika, mtoto mgongoni, na mwalimu mwenyewe alikuwa na umri wa mwanangu. Nilijifunza nikajua. Wangapi walikuwa na madawati na leo hawawezi kuandika barua.

Nikupe kwanza ya hapa Kasulu. Nyumba yako ina mpangaji, kijana muuza simu, kaipaka rangi ya waridi mpaka inatia haya kuitazama. Mihogo uliyopanda bondeni imeoza yote, kama nilivyokwambia na ukanijibu kwamba Muha akiona udongo anadhani wake. Baiskeli yako anaendesha mtu nisiyemjua na hajui kuirudishia mnyororo. Na lile sanduku lako la bati, la vichwa vidogo vya garimoshi, limekaa kwangu tangu siku ya kuanua matanga yako hadi juma lililopita. Ndilo linalonifanya niandike. Lakini nitaanza mbali, maana wewe ukiwa hai hukuniacha nimalize neno hata siku moja. Sasa utanyamaza.

Unakumbuka ulivyoingia kijijini kwetu? Umestaafu reli, umemfuata mkeo kwao, una kofia ya kazini na koti zito la vifungo vyeusi, jua linawaka. Nikauliza huyu ni nani, wakaniambia ni Mnyamwezi. Nikakufuata pale pale ulipokuwa unashusha mizigo, nikakwambia, "Mpagazi, umefika, tua." Wenzangu waliziba midomo, hawakujua kama unayajua mambo ya utani. Ukaniangalia juu mpaka chini, ukavuta hewa puani, ukasema, "Nimetua, Mama. Nimesikia harufu ya muhogo uliolowekwa nikajua hapa ni kwa Waha, siendi mbele tena." Nikacheka mpaka nikakaa chini. Toka siku hiyo sikuwahi kukuita Maganga mbele ya watu. Mpagazi. Na wewe ukaniita Muha, kama vile Kasulu nzima Muha ni mimi peke yangu.

Ukaanzisha tabia yako. Ukifika kwenye kona ya mikaratusi, kabla hujaonekana, unakusanya viganja mdomoni na kupiga honi ya garimoshi. Ndefu, halafu fupi, halafu ile ndefu ya mwisho inayoshuka kama mtu anayekaa kwenye kiti. Mbuzi walikuwa wanakata kamba. Nami jikoni nasema, huyo, mwendawazimu wa Tabora kaja, mkono wangu unachukua birika. Nilikuwa nakutukana huku namimina maji. Miaka yote hiyo hukunikuta hata mara moja chai haipo motoni, na hukushukuru hata mara moja. Unakaa kwenye kigoda, unaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, unatoa kichwa kimoja cha garimoshi, unakiweka chini karibu na majivu kama mtu anayeweka yai.

Nilivyokusimanga, we acha. Mzee mzima mwenye mvi na vichezeo. Ukaniambia hivi si vichezeo, ni chuma kilichoyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu, kila kimoja kimefuata umbo la garimoshi lililokuwepo kweli huko Ulaya, la zamani, kabla babu zetu hawajazaliwa. Nikakuuliza kwa nini usikusanye yale uliyoyaendesha wewe. Ukasema, "Yale niliyoyachochea moto niliyaona yanakatwakatwa kuwa vyuma chakavu. Nimezika wajukuu, Muha. Sasa natafuta mababu."

Ukawa unanifundisha nisichokuomba. Kile cha njano chenye bomba refu kama shingo ya korongo. Kile cha kijani chenye magurudumu makubwa kuliko tumbo lake. Kile chenye pipa nyuma la maji, ambacho dereva wake alisimama nje, mvua yake, jua lake. Hapo nilikukatiza. Nikasema, watu wana akili ya kufanya chuma kitembee, wanashindwa kumjengea mwenzao paa? Ukasema, "Walizoea farasi. Farasi hana paa." Nikakwambia basi wote walikuwa wajinga, dereva na tajiri wake. Ukacheka ukamwaga chai kwenye koti. Kila ukikitoa kile, baada ya hapo, unakiita Mwenye Mvua.

Ulikuwa unavipata wapi, Mungu ndiye anajua. Cha kwanza ulipewa kazini na bwana mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Vingine vilitoka kwenye marobota ya mitumba, vimejificha ndani ya makoti ya watoto. Mwenye duka pale sokoni, yule mzee wa Kiislamu mwenye ndevu za hina, alikuwa anakuwekea. Akifungua robota anatuma mtu, "Mwambieni Mzee wa Treni aje, kuna jamaa yake." Na wewe ulikuwa unaacha jembe shambani. Ukivileta kwangu havina rangi, vimevunjika, unakaa navyo na unyoya wa kuku na tone la mafuta ya cherehani, unapitisha unyoya kwenye kila tundu. Hukupaka rangi hata kimoja. Nikauliza kwa nini usivipake vipendeze. Ukasema uso wa mzee haupakwi rangi.

Sasa nikukumbushe jambo ambalo hatukulizungumza mara mbili.

Siku moja, wala hukuwa umenikosea, nilikwambia maneno yasiyo ya utani. Nilikuwa nimechoka. Nilikwambia msinijie na magarimoshi yenu kwenye jiko langu, ninyi ndio mliombeba baba yangu. Baba alitoka hapa kwa miguu na wenzake mpaka Kigoma, wakapandishwa treni kwenda kukata mkonge, mimi nikiwa mtoto wa kuchunga ndama. Wenzake wengine walirudi na mablanketi. Yeye hakurudi, wala hakuna aliyesema alikozikwa. Mimi treni nilikuwa sijawahi kuiona kwa macho, lakini niliichukia kama mtu anavyomchukia mke mwenzie.

Wewe ulivua kofia. Ulikunywa chai ukaondoka, na kwenye kona hukupiga honi ya kuondoka. Nikajua nimemuumiza Mnyamwezi, nikasema moyoni, na aumie.

Uliporudi ulipiga honi ndogo, ya adabu. Ukaingia ukatoa mfukoni kichwa kimoja nilichokuwa sijakiona, cheusi, kibaya, kama sufuria iliyowekewa magurudumu. Ukasema, "Huyu ndiye mkubwa wao wote. Alifanya kazi kwenye machimbo, anavuta makaa ya mawe tu. Hakuwahi kubeba mtu. Huyu hakumbeba baba wa mtu yeyote, Muha. Unaweza kumshika."

Nikamshika. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na alikuwa na joto la mfuko wako. Tukamwita Babu. Toka siku hiyo Babu alikuwa akija kwangu mara kwa mara, na wewe ulikuwa unajifanya umemchukua kwa bahati tu.

Halafu Mtabila. Lile la Mtabila nacheka mpaka leo nikiwa peke yangu, mkwe wangu Stela anadhani nazeeka vibaya.

Ni ule mwaka wa elfu mbili kumi na mbili, kambi ya wakimbizi inafungwa, Warundi wanapakiwa kurudi kwao. Mimi nilikwenda kutafuta sufuria na mabeseni, wewe ukanifuata kwa umbea. Watu wanauza milango, mabati, kuku, mpaka majembe waliyoshika mkononi. Katikati ya vumbi lile kuna mtoto wa kike, kichwa kimenyolewa, anavuta kitu kwa kamba. Ulisimama kama uliyepigwa. Kichwa cha garimoshi, cha zamani kabisa, magurudumu ya mbele hakuna, kinalima ardhi kama jembe.

Ulichuchumaa, magoti yakalia. "Mwanangu, hicho umekitoa wapi?" Akasema, "Ni changu." Ukampa biskuti, akala biskuti, akashika kamba. Ukamwonyesha mpira wa kununua, akatazama pembeni. Mama yake anafunga mizigo anasema, "Mzee, huyo hata mimi amenishinda, analala nacho." Nikakwambia twende, sufuria zinaisha. Wewe masikio huna. Ukamuuliza, "Kinalia vipi?" Akasema, "Puu." Ukatikisa kichwa kama mwalimu. "Hapana. Sikiliza."

Ukakusanya viganja, ukapiga ile honi yako yote, ndefu, fupi, na ile inayoshuka. Kambi nzima iligeuka. Walioshika mabati wakasimama nayo kichwani. Mtoto akasema, "Rudia." Ukarudia. Akasema, "Rudia." Maganga, ulirudia mpaka macho yakatoka maji na mishipa ya shingo ikasimama, nikasema leo namrudisha Kasulu kwenye mkeka. Halafu ukamshika mikono midogo ile, ukamkunjia vidole ukamwonyesha pa kupulizia. Alipoipata, akafungua kamba polepole, akakupa kichwa. Kamba akabaki nayo.

Lori lilipoondoka, kutoka juu ya mizigo tukasikia honi, nyembamba, imekosea fupi yake, lakini ile ya mwisho ikashuka vizuri. Ulisimama na mkono mfukoni mpaka vumbi likatua. Ukasema, "Muha, nimemdhulumu mtoto." Nikakwambia, umemdhulumu nini, yeye ndiye kakunyonya pumzi yote. Hukucheka. Nyumbani ukakata vifungo viwili vya koti lako la reli ukakifanyia kichwa kile magurudumu ya mbele, ukakiita Mkimbizi. Baridi ya mwaka ule ulifunga koti kwa kipande cha katani.

Halafu mwaka uliofuata ukafa, ukamfuata mkeo tena, bila kuuliza mtu.

Nikueleze ya matanga, maana hukuwepo, au ulikuwepo mimi sijui. Mwanao Mihayo alikuja kutoka Kumsenga, kule Kibondo, anakofundisha. Suti nyeusi, viatu vya kamba, ni mwalimu mkuu sasa. Mtoto mzuri, simsemi vibaya, ila alilia kwa kujizuia kama mtu anayebanwa na viatu. Siku ya kuanua matanga ndugu zako wakaanza kugawa vitu vyako. Baiskeli kwa huyu, redio kwa yule. Mtu akasema, haya vile vichezeo vya mzee wapeni watoto, kila mtoto kimoja, waende navyo wasilie. Na sanduku likafunguliwa, na vitoto vikapanga mstari, vingine vimeshika mkaa, vingine mikono ina mafuta.

Nilimtazama Babu anataka kushikwa na mtoto mwenye makamasi. Miguu hii inayouma ilinyanyuka yenyewe. Nikafunga mfuniko, nikalikalia. Nikanyoosha miguu mbele, nikavua kanga ya kichwa nikajipepea. Nikasema, "Mimi ni mtani. Marehemu alikuwa mpagazi wangu, na mzigo wa mpagazi ni wangu."

Msiba wote ukaangua kicheko. Unajua mila: mtani akishika kitu cha marehemu hanyang'anywi, anakombolewa. Wakaleta jogoo. Nikamwambia jogoo aende zake. Wakaniuliza nataka nini. Nikasema sanduku hili linakombolewa na mwanawe mwenyewe, na halikombolewi kwa kuku. Apige honi ya baba yake, hapa, tusikie, ndipo ninyanyuke.

Kicheko kikaendelea, lakini Mihayo hakucheka. Akaja karibu akainama, akasema chini chini, "Mama Godeliva, tafadhali. Mimi nimefuatana na wanafunzi wangu hapa, na wazazi wao. Siwezi kupiga kelele kama mlevi." Nikasema, "Basi sanduku limekaa." Akasema, "Unajua shuleni waliniita nani? Waliniita Behewa. Mzee akija likizo anapiga ile kitu tangu barabarani, darasa zima linanigeukia. Nimekua nalo jina hilo mpaka nimeota ndevu." Nikamwambia, "Pole. Lakini limekaa."

Akapanda basi la Kibondo bila sanduku. Nami nikabaki nalo, mwanamke niliyekuwa nachukia treni, nina treni za kumjazia mtu chumba. Watu walisema nimezidi. Kwamba mtani anatania halafu anaachia. Kwamba kijana hatarudi na mimi nitakufa, na Stela ataviuza kwa mkusanya vyuma chakavu kwa kilo. Hilo la mwisho lilinikosesha raha, sikudanganyi. Nilikuwa nimeweka mtego, na anayetakiwa kuingia yuko Kumsenga anasahihisha madaftari. Asipokuja, nitakuwa nimewanyima watoto vichezeo na nimekunyima wewe mwana, vyote kwa ubishi wa Muha mmoja.

Lakini sikulegeza. Nilivipanga kwenye ubao chumbani kwangu, kama ulivyokuwa unapanga Jumapili, mkubwa kwanza. Nikatafuta unyoya na mafuta ya cherehani. Mara nyingine nilipokuwa napitisha unyoya kwenye bomba la yule wa njano nilijikuta nakutukana kwa sauti, na nikinyamaza, nyumba inanyamaza zaidi. Kona ya mikaratusi nilikuwa siitazami. Chai nilikuwa nakunywa jioni, siyo saa ile yako.

Sasa juma lililopita. Mihayo kanitumia ujumbe kwamba anakuja kukujengea kaburi kwa saruji, na atapita kwangu. Nikamwambia Stela tunapata mgeni, nyumba iwe safi, vyombo ving'ae, asije mwalimu mkuu akasema kwa Mama Godeliva kuna uchafu. Nikaenda sokoni. Na Stela, mtoto wa watu, hana ubaya, anajua kusugua sufuria kuliko mwanamke yeyote wa mtaa huu, na ndiyo sifa yake. Akasugua sufuria zote kwa majivu na mchanga. Akaosha vikombe. Akaingia chumbani kwangu kufagia, akamwona Babu kwenye ubao, mweusi mweusi, akasema maskini hiki nacho kina masizi.

Nilipopanda kutoka sokoni niliona kichanja cha vyombo kinang'aa kwa mbali. Sufuria kubwa, sufuria ndogo, vijiko, na katikati ya sufuria mbili, amekaa Babu, anachuruzika maji, mweupe kama sarafu mpya. Rangi yote imekwenda. Masizi yote aliyochorewa na mafundi wa huko walikotoka, yamekwenda na majivu ya jiko langu.

Maganga, niliishiwa maneno. Mimi. Nilishika kichanja. Halafu maneno yakarudi yote kwa pamoja, na Stela akayapata yote kwa pamoja, yeye amepiga magoti anasema, "Mama nilidhani ni masizi, Mama nilidhani ni masizi." Nikamwambia masizi ndiyo yenyewe, masizi ndiyo garimoshi, unadhani linakwenda kwa maziwa? Na katika makelele hayo Mihayo akaingia uani na jogoo mkononi.

Alisimama. Akamtazama Stela chini, akanitazama mimi, akatazama kichanja. Akamtua jogoo. Akamchukua Babu kutoka kati ya sufuria, akamgeuza juu chini, maji yakamdondokea kwenye kiatu. Nikajua sasa naadhirika. Mwenye mali kaja, na mali nimeiweka namna hii.

Akaanza kucheka. Kwanza mabega, halafu tumbo, halafu akakaa kwenye kigoda chako. Akasema, "Mama, unajua kazi yake ya kwanza reli ilikuwa nini? Kabla hajapewa moto. Alikuwa kijana wa kusugua injini. Mchanga na matambara yenye mafuta, toka asubuhi. Alikuwa anatuambia injini ikiingia Tabora ni nyeusi kama chungu, wao wanaisugua mpaka dereva anajiona uso." Akamwinua Babu akajitazama. "Mzee angesema, hatimaye mkubwa wao kaoga."

Nikacheka na mimi. Sikutaka. Stela chini bado analia, naye akaanza kucheka huku analia. Na Mihayo katikati ya kicheko kile akabadilika, kicheko kikageuka, akamweka Babu magotini, akakusanya viganja mdomoni. Sidhani alikuwa anakomboa kitu. Sidhani hata alikumbuka kwamba nilidai. Suti na viatu vya kamba vile vile.

Ya kwanza ilitoka hewa. Ya pili ikakatika. Halafu ikaja.

Ndefu. Fupi. Na ile inayoshuka.

Mbuzi wa jirani walivuta kamba. Mtu barabarani akaita, "Mzee wa Treni?" Na mimi, mtani, sikujua nimefanya nini mpaka nilipokuwa nimeshafanya. Nilikuwa nimesimama jikoni na birika mkononi, maji yanaingia, na mdomoni mwangu nimeshasema nusu ya tusi lako. Nikasimama pale na birika likafurika likanilowesha miguu. Kwa kitambo kile kidogo hukuwa umekufa. Nikushukuru au nikulaani, sijaamua.

Alikunywa chai. Alikunywa na ya pili. Hakushukuru, kama wewe. Nikamtolea vyote kimoja kimoja nikamwambia majina, na alikuwa hayajui, Maganga, mwanao wa kumzaa alikuwa hajui kwa nini yule anaitwa Mwenye Mvua. Hilo ni kosa lako na nitakuja kukuuliza. Sasa anayajua. Amesema ataviweka shuleni, kwenye kabati la kioo ofisini kwake, mkubwa kwanza, na mtoto akifanya vizuri atashika kimoja. Nikamwambia Babu ashikwe na wenye mikono misafi tu, ingawa kwa sasa Babu ndiye msafi kuliko wote. Stela alimfungia kwenye kanga yake mpya, wala hakuombwa.

Vyote vimekwenda Kumsenga, isipokuwa kimoja. Mkimbizi nimemzuia. Mihayo akasema, "Mama, nimeshakomboa." Nikamwambia umekomboa vya baba yako, huyu si wa baba yako.

Maana kuna jambo hujui. Warundi wanarudi, Maganga. Wamekimbia tena, mwaka huu. Mabasi yanapita hapa kila siku na vumbi lake, yanakwenda Nyarugusu, watu wamejaa mpaka madirishani, na mizigo ile ile, mabeseni yale yale. Ndio wale wale tuliowaona Mtabila wakifunga virago. Nakaa mbele ya nyumba natazama madirisha. Yule mtoto atakuwa mkubwa sasa, nywele zimeota, nitamjuaje? Sitamjua. Lakini yeye anaijua honi.

Kwa hiyo Mihayo nilimkalisha chini anifundishe. Usicheke. Nina meno machache na pumzi ya mwanamke mzee, na ninapojaribu inatoka hewa ya kupoza uji. Stela anajifanya hasikii. Jana nilipata ile fupi. Ndefu bado, na ile inayoshuka ndiyo inayonitesa, lakini mimi nilijifunza kusoma na mtoto mgongoni, honi ya Mnyamwezi hainishindi. Nitakuwa nasimama kwenye kona ya mikaratusi mabasi yakipita, nitapiga, na watu wa Kasulu waseme wanavyotaka. Akijibu mtu dirishani, nampa kichwa chake na vifungo vyako juu yake. Asipojibu mwaka huu, basi mwakani. Hilo nakuahidi, na unajua sijawahi kukuahidi kitu, nimekutukana tu.

Mpagazi, sasa pumzika, mzigo umetua. Mwanao anapiga vizuri kuliko wewe, ulikuwa unavuta mno ile ya kwanza. Nami siku yangu ikifika sitaingia huko kimyakimya kama mwizi. Nitasimama kwenye kona, nitakusanya viganja. Ukisikia, usikae tu hapo na kofia yako. Weka birika motoni.

Mimi mtani wako,
Muha